Uwanja wa Bi Nunu na Vipepeo Kaniki

Kila asubuhi Mwanaheri aliosha vyombo, akainua karai la maji machafu, akayamwaga mbele ya nyumba. Kisha alisimama kidogo kutazama. Ilikuwa desturi yake tangu alipohamia Ndagoni na mumewe Matano. Ardhi ikilowa, vipepeo walikuja kunywa. Hawakuwa vipepeo wowote tu. Walikuwa wale wadogo wa buluu iliyokolea, kama kitambaa cha kaniki mpya. Watu wa Ndagoni waliwaita vipepeo kaniki. Zamani walitua wengi mpaka tope halionekani, na Mwanaheri aliwatania, "Haya kunyweni, leo hakuna sukari."

Asubuhi moja alimwaga maji, akasimama, akangoja. Tope likaanza kukauka. Hakutua hata mmoja.

"Matano! Matano wee! Njoo uone!"

Matano alikuwa nyuma ya nyumba akikamua ng'ombe wao. Alikuja mbio, maziwa yakimwagikia miguu.

"Nione nini? Mbona sioni kitu?"

"Ndilo hilo! Huoni kitu! Wako wapi?"

Matano aliangalia tope, akaangalia uwanja, akaweka kata ya maziwa chini. "Lahaula," alisema. "Tumekwisha."

Wewe msomaji utasema, jamani, kipepeo ni kitu gani hata mtu mzima apige yowe? Mimi pia ningesema hivyo. Lakini ngoja nikueleze habari ya uwanja ule, ndipo utaelewa kwa nini Mwanaheri alipiga yowe.

Uwanja ulikuwa wa Bwana Hilal bin Azizi, mwenye mashamba makubwa ya minazi. Pande zote ilikuwa minazi mitupu, ila pale palikuwa peupe. Mama yake Hilal, Bi Nunu, hakutaka pale papandwe kitu. Aliwapenda vipepeo kaniki kuliko nazi. Alipokuwa kitandani anakaribia kufa, alimwusia mwanawe: "Uwanja huu usiutie minazi maadamu vipepeo wangu wapo. Wakiisha, fanya utakavyo."

Bi Nunu alifariki. Hilal akamweka Matano pale awe mwangalizi, akamruhusu kujenga ukingoni mwa uwanja. Kwa Mwanaheri, hiyo ilikuwa nyumba ya tatu. Ya kwanza, mwenye ardhi aliiuza. Ya pili ilipitiwa na barabara. Mara zote mbili alibeba masufuria yake kichwani huku analia njiani, watu wakimtazama. Siku alipoingia nyumba ya tatu alimwambia mumewe, "Masufuria yangu yamechoka kutembea. Hapa nitatolewa kwa jeneza tu."

Sasa basi, siku hizo zilikuwa siku za Mwingereza, na mbata, nazi zilizokaushwa, zilikuwa na bei nzuri. Ndugu zake Hilal walimsumbua kila siku. "Uwanja mzima umekaa bure! Utie minazi!" Hilal aliwajibu, "Wasia ni wasia. Vipepeo wapo."

Na leo vipepeo hawapo.

Hilal alifika wiki ile ile, juu ya punda wake mweupe. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kupenda kusikitika.

"Shikamoo Bwana Hilal," alisema Matano.

"Marahaba. Nimesikia habari za vipepeo." Alishuka, akautazama uwanja. Wachache sana walikuwa wakiruka kwa mbali. "Tangu mama alipokufa wanapungua. Kila mwaka wanapungua. Unajua kwa nini, Matano? Wanamlilia. Wanamfuata mama yangu."

Alijifuta macho. Kisha akasema maneno ambayo Mwanaheri, aliyekuwa nyuma ya mlango, aliyasikia moja moja. "Nitakuja masika yajayo yakiisha. Nikiwakuta, kaeni kwa amani. Nikiwakosa, nitautia uwanja wote minazi, na nyumba hii itabidi ihame. Nisilaumiwe. Ni wasia."

Alipoondoka, Mwanaheri alitoka nje, macho makavu, mikono kiunoni.

"Mimi sihami," alisema.

"Tutafanyaje sasa?"

"Tutauzungushia uwanja uzio! Kila siku ng'ombe wanakanyaga humu. Watoto wanakimbia humu. Wanawake wanakata majani humu. Kipepeo gani atakaa mahali pa fujo? Kuanzia kesho haingii mtu, haingii mnyama. Hata ng'ombe wetu tutamfunga kwingine."

Matano alikata fito. Mwanaheri alikokota miiba mpaka mikono ikatoka damu. Uzio ukasimama, mrefu, mzuri, hauna pengo. Hata bwana shamba alipopita aliusifu. Bwana shamba huyo aliitwa Abeid. Alikuwa akitembea vijiji vyote kukagua chonga, yule mdudu anayetoboa minazi.

"Hongereni," alisema Abeid. "Vipepeo hawa nimewatafuta Kirongwe, Baleni, hata kisiwani Juani kwenye magofu ya Kua. Sijawaona. Pengine hapa ndipo walipobaki. Lakini Bi Mwanaheri, utajuaje kama wanaongezeka?"

"Si nitawaona?"

"Macho hudanganya. Leo utaona wengi kwa sababu jua ni kali, kesho wachache kwa sababu kuna upepo. Chagua njia moja. Pita njia hiyo hiyo kila wiki, jua likiwa juu na upepo umetulia. Kila kipepeo utakayemwona, weka alama."

"Alama wapi? Mimi sijui kuandika."

"Unasuka mikeka?"

"Nasuka."

"Basi chukua ukindu. Kipepeo mmoja, fundo moja."

Mwanaheri alicheka, lakini alifanya. Alitembea kutoka mlangoni mpaka kisimani akifunga mafundo. Ukindu wa kwanza aliutundika ukutani juu ya kitanda. Baadaye akatundika wa pili, na wa tatu. Majani ya uwanjani yalirefuka. Yalifika magotini, yakafika kiunoni. Yalikuwa ya kijani, ya kupendeza, yakiyumba. Watu walipita wakisema, "Mashallah, uwanja wa Bi Nunu umependeza!"

Jirani mmoja tu hakusifu. Huyo ni Bi Kidawa, mama mtu mzima aliyeishi peke yake na ng'ombe mmoja. Zamani alikuwa akimlisha uwanjani. Sasa alisimama nje ya uzio na kusema, "Majani yote haya! Vipepeo wanakula nyasi kwani?"

"Bi Kidawa, tuachie," Mwanaheri alimjibu. "Sisi tunahifadhi."

"Haya. Hifadhini."

Masika aliyoyataja Hilal yalipoisha, bwana shamba Abeid alirudi. Ilikuwa siku tulivu yenye jua. Alitembea na Mwanaheri njia ile ile, kutoka mlangoni mpaka kisimani. Walipita katika majani marefu, wakiyapasua kwa mikono. Mwanaheri alishika ukindu tayari. Walifika kisimani. Ukindu ulikuwa mtupu. Haukuwa na fundo hata moja.

"Labda tumepita haraka," alisema Mwanaheri kwa sauti ndogo.

Walirudi polepole. Ukindu ukabaki vile vile.

Mwanaheri alikimbia ndani. Alizishusha kindu zote ukutani, akazipanga juu ya mkeka. Ule wa kwanza ulikuwa na mafundo kadhaa. Uliofuata ulipungua. Uliofuata ulipungua zaidi. Mpaka huu wa leo, laini, mtupu. Macho yake yalitoka.

"Yarabi! Mwaka mzima nimewachunga kama watoto! Sijaruhusu hata kuku! Mbona wamekufa? Mbona wamekufa, Bwana Abeid?"

Abeid alivua kofia, akakuna kichwa. Na Hilal alikuwa anatazamiwa siku yoyote.

Ndipo waliposikia sauti kwa mbali. Kwaru, kwaru, kwaru. Ilikuwa sauti ya mundu ukikata majani. Ilitoka pembe ya nyuma ya uwanja, nyuma ya vichaka, mahali ambapo njia ya Mwanaheri haikufika.

Mwanaheri alitoka kama risasi. Abeid akamfuata. Nyuma ya vichaka walikuta uzio umetobolewa tundu kubwa. Ndani alikuwepo ng'ombe akila, na kando yake Bi Kidawa ameinama na mundu. Majani ya pembe ile yalikuwa mafupi kama nywele za mtoto aliyenyolewa juzi.

"Bi Kidawa! Ni wewe!"

Bi Kidawa alijinyoosha mgongo. "Hata shikamoo hakuna siku hizi?"

"Shikamoo!" Mwanaheri alisema kwa hasira.

"Marahaba, mwanangu. Haya, sasa nitukane."

"Mwizi wa majani wee! Kumbe ni wewe unayewaua vipepeo wangu! Unatoboa uzio, unaingiza ng'ombe, unanitoa nyumbani kwangu! Nimekukosea nini mimi?"

"Mwizi mimi? Majani yanaoza humu na ng'ombe wangu mbavu zinahesabika! Nimfunge jiwe tumboni? Tangu mmeufunga uwanja, mimi nakuja hapa, ndiyo, nakuja, na nitakuja!"

"Hutakuja!"

"Nyamazeni!" alisema Abeid. "Nyamazeni nyote wawili. Msisogee. Tazameni chini."

Walitazama. Jamani, mimi hadithi hii niliisikia kwa Mwanaheri mwenyewe, na kila alipofika hapa alishika kifua. Miguuni kwa Bi Kidawa, juu ya majani mafupi, walikuwa wakiruka vipepeo kaniki. Hawakuwa mmoja wala wawili. Walikuwa kundi. Walitua juu ya samadi mbichi. Walitua kwenye mundu. Mmoja alitua juu ya kwato ya ng'ombe, akafunga mabawa, akatulia kama mwenye nyumba.

Mwanaheri aliinama awaone vizuri.

Abeid alipiga magoti. Alipekua chini kwa vidole. "Huu mmea unaitwaje hapa kwenu?"

"Kikunde," alisema Bi Kidawa. "Unatambaa, majani yake kama ya kunde."

"Njoo uone, Bi Mwanaheri. Chini ya jani."

Mwanaheri aliinama. Chini ya jani la kikunde aliona kiwavi mdogo wa kijani. Sisimizi walimzunguka wakimpapasa.

"Kiwavi tu."

"Huyo ndiye kipepeo wako, kabla hajaota mabawa. Nilisoma habari zake, ila mmea wake sikuujua mpaka leo. Kipepeo kaniki hutaga mayai juu ya kikunde. Yai hutoa kiwavi. Kiwavi hula kikunde, hana chakula kingine. Hutoa maji matamu, sisimizi wakayapenda, wakamlinda. Akishiba hujifunga akalala, kisha hutoka na mabawa. Bila kikunde hakuna kipepeo."

"Lakini kikunde kiko uwanja mzima! Nakijua tangu zamani!"

"Twende tukatazame."

Walirudi katikati ya uwanja. Abeid aliyapasua majani marefu mpaka chini kabisa. Kule chini kulikuwa na giza na unyevu. Waliona vijiti vya kikunde, vya njano, vyembamba, vingi vimeoza. Hakuna viwavi. Hakuna sisimizi.

"Kikunde ni kifupi," alisema Abeid. "Kinataka jua. Majani yakiwa marefu yanakifunika, kinakufa. Ng'ombe akila majani, au mtu akikata kwa mundu, kikunde kinapata jua. Bi Mwanaheri, vipepeo hawa walianza kupungua lini?"

"Tangu alipokufa Bi Nunu. Wanamlilia."

"Wanamlilia!" Bi Kidawa alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, Bi Nunu alikuwa na ng'ombe wangapi humu ndani? Alipokufa si warithi waligawana? Wengine wakaenda Kirongwe, wengine wakauzwa Kilindoni. Akabaki wako mmoja na wangu mmoja. Ninyi mkaja mkatufukuza na hao wawili!"

Mwanaheri aliketi chini, palepale kwenye majani. Aliutazama uzio wake mrefu. Alitazama mikono yake iliyokwaruzwa na miiba.

"Mimi," alisema. "Ni mimi. Niliwafungia mlango wakafa kwa kukosa jua. Astaghfirullahi! Mikono yangu mwenyewe!"

"Na mimi niliusifu," alisema Abeid. Alikuwa amekunja uso. "Nilisema hongereni. Tusilie sasa. Pembe ile bado wapo."

Matano aliposikia habari hizi alikimbia jikoni akarudi na kiberiti. "Basi nachoma uwanja wote leo hii! Kufika kesho majani hakuna!"

"Mama wee, mshikeni!" alipiga kelele Bi Kidawa.

Abeid alimnyang'anya kiberiti. "Utachoma mayai na viwavi, Bwana Matano! Utamaliza na hao wachache! Sikilizeni. Hatuuguzi mgonjwa kwa shoka. Tutaugawa uwanja vipande. Kipande kimoja ng'ombe wanakula, majani yakiwa mafupi wanahamishwa kingine. Kila wakati tuache sehemu haijaguswa, wadudu wapate pa kujificha. Tuanze karibu na pembe ya Bi Kidawa, ili vipepeo wasilazimike kuruka mbali. Na hesabu iendelee. Ila njia yako, Bi Mwanaheri, ilipita upande mmoja tu. Sasa ipite kila kipande, ndipo utajua wapi wanapona na wapi hawaponi."

Walianza siku ile ile. Uzio ulifunguliwa upande wa Bi Kidawa. Ng'ombe wawili waliingia. Matano na mundu, Bi Kidawa na mundu, majani yakaanguka.

Lakini hawakupata nafasi ya kupumua. Siku ya pili tu, punda mweupe alitokea. Bwana Hilal alisimama kwenye tundu la uzio. Aliona ng'ombe. Aliona majani yamelazwa chini. Uso wake mpole uligeuka mwekundu.

"Matano! Ng'ombe katika uwanja wa mama yangu? Mundu katika uwanja wa mama yangu? Nimewaamini mnilindie, mnauvuruga! Fungeni vyombo. Fungeni leo!"

Mwanaheri aliona mambo yale yale yanarudi. Aliyaona masufuria yake, aliiona njia, aliwaona watu wakimtazama. Lakini hakulia. Alimsogelea Hilal, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

"Bwana Hilal, shuka juu ya punda. Nakuomba. Njoo uone kitu kimoja. Ukishakiona, nitafunga vyombo mwenyewe."

Hilal alisitasita, akashuka. Walimpeleka pembe ya nyuma. Vipepeo kaniki walipaa mbele ya viatu vyake. Hilal alisimama ghafla.

"Bado wapo? Kwa nani? Nani amewaweka hapa?"

"Mimi, mwizi wa majani," alisema Bi Kidawa. "Mimi na ng'ombe wangu. Hilal, mwanangu, nimekujua ungali unatambaa. Mama yako alikuwa akitoka asubuhi nyuma ya ng'ombe wake, anawahamisha huku na huku. Ulidhani anacheza? Vipepeo hawakumfuata mama yako kaburini. Uliwauza ng'ombe wake, nao wakakosa wa kuwafungulia jua."

Hilal aliwatazama vipepeo, akamtazama ng'ombe. Alikaa juu ya jiwe. Alitoa leso, lakini hakujifuta, aliishika tu.

"Siku ya kugawana urithi," alisema, "nilisema ng'ombe hawa wa nini, wanakula tu. Mimi nilisema hivyo. Subhanallah! Mama alisema vipepeo wangu, hakusema ng'ombe wangu. Alidhani najua."

Ng'ombe wa Bi Kidawa akaendelea kula.

"Nipeni mpaka masika mengine," alisema Mwanaheri. "Nitahesabu kwa ukindu. Ukindu usipojaa, nitahama bila kuambiwa."

"Hesabu," alisema Hilal. Alipanda punda wake, akaondoka bila kuaga.

Mwaka ule Mwanaheri alitembea njia yake kila wiki, kipande kwa kipande. Mwanzoni mafundo yalikuwa ya pembe ya nyuma tu. Kisha, baada ya mvua za vuli, alifunga fundo katika kipande cha jirani. Alilifunga, akalifungua, akalifunga tena kuhakikisha. Kipande kimoja walichelewa kuhamisha ng'ombe, ardhi ikabaki wazi kama sakafu, vipepeo wakakikimbia. Wakajifunza. Waliwahamisha mapema kidogo, kikunde kikarudi. Abeid alikuja mara kwa mara. Siku hizo hakuanza na hongera. Alianza na swali: "Ukindu unasemaje?"

Masika yalipoisha, Hilal alikuja kwa miguu. Nyuma yake kulikuwa na mitamba watatu wamefungwa kamba, wekundu wenye paji jeupe.

"Ni uzao wa ng'ombe wa mama," alisema. "Nimewanunua tena Kirongwe. Wawe humu. Habari za ukindu?"

Mwanaheri aliingia ndani, akatoka na ukindu wa wiki ile. Haukuwa mmoja. Alikuwa ameunganisha mwingine, na mwingine, kwa sababu nafasi ya mafundo ilikwisha. Aliukunjua mbele ya Hilal. Hilal aliupokea kwa mikono miwili, akaupitisha vidoleni fundo baada ya fundo, kama tasbihi, mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nyumba hii haihami. Nikiwa hai, na nikifa, haihami. Ndugu zangu wamekwisha sikia."

Mwanaheri alishika karai la maji ya vyombo lililokuwa mlangoni, akayamwaga, apate tu la kufanya. Haukupita muda tope likawa buluu.

Wakati huo Bi Kidawa alifika na mundu wake begani. "Hodi! Mwizi wa majani nimekuja. Nifungulieni uzio."

"Karibu, Bi Kidawa, shikamoo," alisema Mwanaheri, akipangusa macho kwa upande wa kanga. "Uzio gani? Jana tumeukata kuni, tukapikia ubwabwa, nao umebaki jikoni. Pita ndani ule."